Nepi Kumi na Mbili na Maji ya Kisima

Mdogo wangu alinipigia simu Jumamosi moja mwishoni mwa Machi, saa moja asubuhi. "Dada, shikamoo. Njoo uchukue hizi nepi ukashonee kitu kingine, mimi nimeshindwa." Nyuma yake nilimsikia mtoto analia, kile kilio cha kukatakata cha mtoto anayebadilishwa huku ngozi inamuuma. Nilifunga kibanda changu cha cherehani pale Mbagala Rangi Tatu, nikapanda daladala kwenda Chamazi.

Nakiandika kisa hiki kwa urefu kwa sababu nimeona akina mama wengi wakinunua nepi za kisasa za kufua kwa hela ya kujinyima, wakazitumia mwezi mmoja au miwili, kisha zikaishia kuwa matambara ya kudekia. Ukiwauliza wanasema zinavuja, zinanuka, zinamchubua mtoto. Ni kweli tupu. Yote yalitokea kwa mdogo wangu na nimeyaona kwa macho yangu. Lakini nepi zenyewe hazikuwa na kosa, wala mtoto hakuwa na aleji. Kosa lilikuwa ndani ya beseni. Maji ya nyumba ile na sabuni ya nyumba ile vilikuwa havipatani, na kitambaa ndicho kilichobeba lawama. Sisi ilituchukua zaidi ya mwezi kulijua hilo, na mtoto alilipa kwa ngozi yake.

Mtoto alizaliwa Novemba, wa kwanza kwa mama yake. Mama yetu alitoka Muheza kuja kumlea mzazi, akabaki. Mdogo wangu alirudi kazini Februari. Anauza kwenye duka la vifaa vya shule, anaondoka alfajiri anarudi saa moja usiku, na mchana mtoto anakuwa mikononi mwa bibi yake na binti wa kazi. Maji ya nyumba hiyo yanatoka kwenye kisima kirefu cha mwenye nyumba, yanapandishwa kwenye simtanki, wapangaji wanachota kwa shilingi 100 dumu la lita 20. Kama ilivyo kwa visima vingi vya Dar es Salaam, maji yake yana chumvi. Ukipikia chai utaijua kwa ulimi. Maji matamu ya kunywa na kupikia wananunua kwa kijana wa mkokoteni, dumu shilingi 300.

Miezi miwili ya kwanza walitumia pampasi. Tano kwa siku, wananunua moja moja dukani kwa shilingi 500, yaani 2,500 kwa siku na 75,000 kwa mwezi. Hapo bado hujazungumzia taka. Gari la taka likichelewa, mifuko ya pampasi inarundikana nyuma ya nyumba na mbwa wanaichana usiku. Chooni mwenye nyumba alishakataza zisitupwe, kwa sababu mpangaji aliyepita aliwahi kuziba shimo kwa njia hiyo na gari la kunyonya maji taka likashindwa kuzivuta. Kwa hiyo Januari, mdogo wangu alipopata hela ya mchezo, alinunua nepi za kisasa kumi na mbili kwa shilingi 15,000 kila moja. Laki moja na themanini elfu kwa mkupuo. Nilimuunga mkono na bado namuunga mkono.

Kwa asiyezijua, nizieleze kama fundi. Ganda la nje ni poliesta nyepesi iliyopakwa upande wa ndani utando mwembamba wa poliyurethani. Maji hayapiti, mvuke kidogo unapita. Upande unaogusa ngozi ni flisi laini ambayo yenyewe haishiki maji. Mkojo unaipenya na kushuka chini. Kati ya tabaka hizo mbili kuna mfuko wenye mdomo upande wa nyuma, na humo ndimo unamoingiza pedi ya kunyonya. Mbele kuna safu za vifungo vya kubonyeza, za kufupisha nepi mtoto akiwa mchanga na kuirefusha anapokua. Mapajani na mgongoni kuna lastiki. Ni kazi safi ya mikono. Pedi walizopewa zilikuwa za maikrofaiba, yaani kitambaa cha nyuzi bandia nyembamba sana, moja kwa kila nepi.

Wazo la kutenganisha kinachozuia maji na kinachonyonya si la jana. Mwaka 1946 huko Marekani mama mmoja, Marion Donovan, alikata pazia la bafuni akalishona kwa cherehani likawa kitu cha kuvalisha juu ya nepi ya kitambaa. Mwaka 1949 likaanza kuuzwa kwenye duka la Saks Fifth Avenue kule New York, na mwaka 1951 akapata hataza, yaani hati ya kulinda uvumbuzi wake. Napenda kumtaja kwa sababu alianzia pale tunapoanzia sisi mafundi: kitambaa kilichopo nyumbani. Na Mama yetu naye alitulea kwa mtindo huo huo, nepi za taulo zilizofungwa kwa pini na chupi ya plastiki juu yake. Alipoziona hizi za kisasa alizigeuza geuza, akasema, "Kumbe ni zile zile, wameziunganisha tu."

Wiki tatu za kwanza zilikwenda vizuri, hata picha alinitumia. Wiki ya nne nepi zikaanza kuvuja pembeni mwa mapaja, kwanza alfajiri tu, baadaye hata mchana. Kisha ikaja harufu. Si harufu ya kawaida ya nguo ya mtoto. Ni ile kali inayochoma pua na kutoa machozi, na inatoka kwenye nepi mtoto anapokojoa tu, ingawa jana yake imefuliwa, imeanikwa na imekauka. Mwisho ikaja ngozi: wekundu kwenye kinena, kisha makalioni, kisha vipele.

Sasa angalia walivyopambana, maana kila hatua waliyochukua ilikuwa na akili ndani yake. Kwa ajili ya harufu, Mama aliongeza sabuni. Alikuwa anafulia sabuni ya mche, anaisugua juu ya kila pedi mpaka inakuwa nyeupe, kisha anaifikicha. Sabuni ya unga aliikataa tangu siku ya kwanza: "Hiyo inachoma ngozi ya kichanga, mwanangu." Pedi zilipoanza kukauka ngumu kama mfuko wa saruji, mdogo wangu alinunua dawa ya kulainisha nguo, akawa anaitia kwenye maji ya mwisho. Mtoto alipochubuka, walimpaka mafuta ya mgando, tena ya kutosha, kila anapobadilishwa. Na nepi zilipozidi kuvuja, wakabana vifungo zaidi, mpaka lastiki zikaacha alama mapajani.

Wakampeleka zahanati. Muuguzi alimtazama kwa makini: wekundu uliokolea mpaka ndani ya mikunjo, na vidoa vidogo vimetapakaa kandokando. Akasema mwanzo ulikuwa mkojo kuunguza ngozi, sasa fangasi wamepanda juu ya jeraha. Akatoa krimu ya fangasi, akashauri mtoto abadilishwe mara kwa mara, aachwe wazi apate hewa, na arudi kwenye pampasi mpaka apone. Siku ya sita ngozi ilitulia. Wakarudi kwenye nepi. Siku ya nne vipele vikarudi.

Hapo ndipo kila mtu alipofikia uamuzi. Shemeji alisema nepi ni za bei rahisi, mmepigwa. Jirani akasema mtoto ana aleji na kitambaa cha kiwandani. Mdogo wangu akanipigia simu.

Nilifika, nikaomba kwanza kumuona mtoto, kisha nikaomba pedi iliyofuliwa jana na kukauka. Nikakaa barazani nayo mapajani. Ukiitazama kwa mbali ilikuwa safi. Ukiishika, ilikuwa na ule utelezi wa nywele zilizopakwa mafuta juzi. Nikaagiza kijiko na maji kikombeni, nikadondosha tone moja katikati ya pedi.

Tone lilikaa. Lilikaa juu ya kitambaa mviringo mzima, linang'aa, kama maji juu ya jani la mgimbi. Nilihesabu kimoyomoyo mpaka thelathini, halijazama. Nikalisukuma kwa kidole, likagawanyika mawili, yakabingirika mpaka ukingoni yakaniangukia kwenye kanga. Mama alikuwa anamenya ndizi pembeni yangu. Aliacha kisu.

"Lete ile ya akiba," nilimwambia mdogo wangu. Nepi ya kumi na mbili alikuwa hajaitumia, ameiweka kwenye mfuko wake kwa ajili ya safari. Nikatoa pedi yake, nikadondosha tone. Likazama kabla sijaondoa kijiko.

Kwa hiyo si kwamba pedi zilitengenezwa vibaya. Kuna kitu kimeingia ndani ya zile kumi na moja baada ya kununuliwa. Nikachemsha maji, nikayapoza mpaka mkono unavumilia, nikatumbukiza pedi tatu zilizo safi bila sabuni yoyote, nikazikoroga kwa mwiko. Maji yalibadilika yakawa kama ya mchele. Povu likatokea. Baada ya dakika kumi juu ya maji pakaelea utando wa kijivu, ukiugusa unanata kwenye vidole na haukubali kutoka. Pedi tatu tu, tena zilizosuuzwa jana yake mara mbili.

Wengi wetu tulifundishwa shuleni juu ya maji magumu kisha tukasahau. Sabuni ya mche hutengenezwa kwa mafuta, ya mawese au ya nazi kwa mfano, yaliyopikwa na soda kali. Ikikutana na maji yenye kalsiamu na magnesiamu kwa wingi, haiyeyuki yote. Sehemu yake inageuka kuwa chembe za grisi zisizoyeyuka kabisa. Ndizo zinazoacha ukoko kwenye beseni na kuunyima mkono povu. Chumvi ya kawaida nayo inaisukuma sabuni itengane na maji, na ndiyo maana watengeneza sabuni huitumia kuitenga. Kisima cha Chamazi kilikuwa na yote hayo. Kwenye shati hutaiona shida, shati ni kitambaa chembamba na kazi yake si kunyonya. Kwenye pedi nene ya nyuzi maelfu, kila ufuaji unaacha safu nyingine ya grisi katikati ya nyuzi, mpaka mkojo unakosa pa kuingia na unatafuta njia pembeni. Huko ndiko kuvuja.

Na ile harufu? Grisi hiyo hiyo inazuia maji ya kufulia yasifike katikati ya pedi. Mkojo wa jana unabaki ndani, bakteria wanaivunja urea yake na kutoa amonia. Amonia ndiyo inayochoma pua, na inachangia kuichubua ngozi na kuifungulia fangasi mlango. Mama alipoongeza sabuni kwa ajili ya harufu, aliongeza grisi. Dawa ya kulainisha nguo kazi yake ni kuacha utando kwenye nyuzi ili zisikwaruze, ikaongeza nyingine. Mafuta ya mgando yakapitia kwenye flisi na kukamilisha. Tabaka tatu za mafuta, zote zimewekwa na watu wanaompenda yule mtoto.

Kwa upande wa Mama nataka niseme jambo, kwa kuwa alinyamaza siku hiyo nzima na niliumia kumuona. Hakukosea. Alitulea wanne kwa sabuni ya mche na hakuna aliyechubuka, kwa sababu Muheza alifulia maji ya mvua na maji ya mto yanayoshuka kutoka Usambara, maji laini ambayo sabuni inatoa povu kwa kuguswa tu. Ujuzi wake ulikuwa sahihi kwa maji yake. Hapa Chamazi alikuwa anafua vile vile kwa maji mengine. Kadi iliyokuja na nepi nayo haikumsaidia mtu: ilikuwa na picha ya mashine ya kufulia, nyuzi joto 40, na pasi iliyopigwa mstari. Beseni halimo kwenye kadi hiyo. Kisima hakimo.

Mchana mvua ilinyesha. Masika yalikuwa yanaanza, na hadi siku hiyo mdogo wangu alikuwa anayaogopa kwa sababu ya kuanika. Tulitoa mapipa, tukayaweka chini ya mabati. Jumapili nilirudi na vipande viwili vya flana mpya kutoka kibandani, nikavitoa dawa ya kiwandani kwa maji ya moto, kisha nikamwomba Mama avifue kwa mkono wake mwenyewe, sabuni ya mche ile ile, kimoja kwa maji ya mvua na kingine kwa maji ya kisima. Alivifua mara tano tano. Jioni vilipokauka jikoni tukaleta kijiko. Cha mvua kilikunywa tone pale pale. Cha kisima tone lilikaa juu kwa muda, likawa linatafuta njia. Mama akakigusa, akakipeleka puani, akasema, "Basi ni maji." Sikuongeza neno.

Kuzirudisha zile pedi kumi na moja kulichukua siku mbili. Maji ya mvua, ya moto kiasi cha mkono kuvumilia, sabuni ya unga kijiko kimoja na nusu cha chakula kwa beseni, na matone machache ya sabuni ya maji ya kuoshea vyombo kwa ajili ya mafuta ya mgando. Tunakanda, tunamwaga, tunaweka maji mapya yasiyo na kitu, tunaangalia utando. Beseni la kwanza lilikuwa la kutisha. Beseni la tano lilikuwa safi. Sabuni ya unga ina viambato vingine ambavyo havigandishwi na maji magumu kama mche unavyogandishwa, na hofu ya Mama juu ya ngozi tuliimaliza kwa kusuuza mpaka povu liishe na kumvalisha mtoto nepi moja tu siku ya kwanza, kisha kusubiri. Maganda ya nje hatukuyapa maji ya moto. Uvuguvugu tu, na kukamua kwa kubana kati ya viganja bila kuyasokota.

Wakati huo mtoto alikuwa amerudi kwenye pampasi na krimu yake mpaka ngozi ifunge kabisa. Hili msilifupishe. Krimu za upele na nepi za kufua hazikai pamoja. Ukilazimika kupaka, weka kipande cha kitambaa chepesi kati ya ngozi na nepi, ukifue peke yake.

Kulikuwa na kosa la pili ambalo lilikuwa limejificha nyuma ya lile kubwa. Binti wa kazi alizoea pampasi, ambazo ndani zina chembe zinazogeuza mkojo kuwa kama uji mzito, mtoto akakaa saa nne au tano bila kuonekana amelowa. Nepi ya kitambaa haina uvumilivu huo. Ni saa mbili, tatu ikizidi sana. Badala ya kumwekea saa tulimpa kipimo kilicho mikononi mwake: kila mtoto akimaliza kunyonya au kula, na kila akiamka, mtazame. Tena tulimkuta mara kadhaa, kwa haraka, anaweka pedi ya maikrofaiba juu ya nepi badala ya kuiingiza mfukoni. Maikrofaiba haitakiwi kugusa ngozi; inavuta hata unyevu wa ngozi yenyewe na kuikausha mpaka inapasuka.

Sasa pasi. Katikati ya Aprili Mama alipiga pasi maganda mawili, na utando wa ndani ukavimba malengelenge, ukajitenga na poliesta. Nepi mbili, elfu thelathini, zimekufa. Mdogo wangu alilia. Lakini sikilizeni sababu ya Mama. Katika ukanda wetu kuna yule nzi wa maembe ambaye hutaga mayai kwenye nguo zenye unyevu, hasa zilizoanikwa kivulini au chini. Mayai yakianguliwa, funza wake huingia kwenye ngozi na kutengeneza kitu kama jipu, na makalio ya mtoto wa nepi ndipo mahali anapopapenda. Pasi ya moto ndiyo kinga yetu tangu enzi za pasi ya mkaa. Mama hawezi kumvalisha mjukuu wake kitu ambacho hakijapita kwenye pasi, na yuko sawa.

Tukalitatua kwa kugawa kazi. Pedi za pamba, ambazo nilizishona mwenyewe na nitazieleza sasa hivi, zinapigwa pasi, tena kwa moto mkali na pande zote mbili. Maganda na maikrofaiba hayaguswi na pasi, kwa hiyo hayaanikwi nje kivulini hata siku moja: ama kwenye jua kali peupe, ama ndani. Na kwa siku za mvua Mama mwenyewe ndiye aliyetoa wazo. Alifunga kamba chumbani, akatundika chandarua cha zamani juu yake, akaanika maganda ndani ya chandarua na kuchomeka pindo lake pembeni. Nzi hafiki, hewa inafika. Ganda linakauka kwa usiku mmoja.

Pedi ndizo zilizokuwa na tabu kukauka, maana kumi na mbili hazitoshi wakati wa masika. Nilikwenda soko la Karume, Ilala, nikachambua mitumba: shuka za flana na taulo za pamba tupu, zilizochoka kidogo, ambazo ni nzuri kuliko mpya kwa kazi hii kwa sababu zimefuliwa mara nyingi na zinanyonya vizuri. Shilingi 22,000 zote. Nilishona pedi kumi na mbili za kukunja mara tatu: ukiikunja ni nene, ukiikunjua ni tabaka moja inayokauka kwa saa chache hata siku ya mawingu, na inaingia kwenye sufuria ikachemshwa. Kwa maoni yangu ni bora kuliko zile za maikrofaiba walizouziwa, na mama yeyote mwenye sindano na uzi anaweza kuzitengeneza bila fundi.

Utaratibu uliobaki ni huu. Choo cha mtoto kinakung'utwa chooni. Nepi inasuuzwa papo hapo kwa maji ya kisima, bila sabuni, kisha inawekwa kwenye ndoo kavu yenye mfuniko. Hatuloweki usiku kucha, kwa sababu kuloweka kunaozesha lastiki, na ndoo ya maji sakafuni ni hatari kwa mtoto anayeanza kutambaa. Asubuhi zinafuliwa kwa maji ya mvua yakiwepo, na yasipokuwepo kwa madumu mawili ya maji matamu.

Hesabu tuliipiga Juni, mvua zilipokwisha. Dumu moja la kisima na mawili matamu ni shilingi 700 kwa siku, 21,000 kwa mwezi. Sabuni ya unga 6,000. Pampasi moja ya usiku, ambayo mdogo wangu ameamua kuibakiza ili alale, 15,000. Jumla 42,000 badala ya 75,000. Faida ni 33,000 kwa mwezi, kwa hiyo laki mbili na elfu mbili za nepi na pedi zinarudi baada ya kama miezi sita. Si ile ya "utaokoa mamilioni" wanayoambiwa akina mama wanapouziwa. Ni faida ya kweli hata hivyo, na miezi ya mvua inakuwa kubwa zaidi kwa kuwa maji ni ya Mungu.

Kisichoandikwa kwenye hesabu ni mgongo. Uingereza, Wakala wa Mazingira ulipima mwaka 2008 mzigo wa hewa ya ukaa wa nepi za mtoto mmoja kwa miaka miwili na nusu, ukapata kama kilo 550 kwa za kutupa na kama kilo 570 kwa za kufua, na ikaonekana kuwa ufuaji ndio unaoamua: ukijaza mashine vizuri, ukaanika nje na kumrithisha mtoto wa pili, unapunguza kama kilo 200. Kule mzigo ni umeme wa mashine na wa kukaushia. Chamazi tunaanika juani na hatuna mashine, kwa hiyo mzigo wote unamwangukia mtu anayeinama juu ya beseni, dakika hamsini kila siku. Mama ana miaka sitini na mitatu. Nilimwambia shemeji waziwazi, na namshukuru hakukasirika: kama nepi zinaokoa hela ya nyumba, basi maji ya nepi ni kazi ya baba wa nyumba. Sasa anabeba madumu kabla ya kwenda kazini na Jumapili anafua yeye.

Vipele havikurudi. Kuvuja kulibaki alfajiri kidogo mpaka tulipoongeza pampasi ya usiku. Mtoto sasa ana miezi kumi, anatembea kwa kushika makochi, na safu ya pili ya vifungo imefunguliwa.

Mama alirudi Muheza Agosti. Kabla ya kuondoka alipiga msumari ukutani juu ya beseni, akatundika kijiko kwa uzi, akamwonyesha binti wa kazi: kila Jumapili, pedi moja iliyokauka, tone moja. Jumapili iliyopita nilikuwepo. Binti alidondosha maji akaanza kuhesabu kwa sauti, na hakufika mbili.